Mausi ya betri ya AA inaonewa bure

Mtu akiuliza anunue mausi gani ya wayalesi kwa ajili ya gemu, jibu ni lile lile: chukua yenye betri ya ndani ya kuchaji, hizo za kuweka AA, yaani betri za kawaida kama za rimoti, ni za ofisini. Na anayejibu mara nyingi hata kuishika hajawahi. Mi naona hizi za AA zinaonewa, japo wanaozipinga wana hoja zao na moja ni nzito kweli.

Tuanze na uzito maana ndo wimbo wa kila siku. Logitech G305 ya 2018, inayotumia AA moja, ina gramu 99 pamoja na betri, G Pro X Superlight ya hao hao iliyotoka 2020, yenye betri ya ndani, haifiki 63. Ukisoma hivyo tu, mjadala umeisha. Ila hiyo 99 hebu ichambue: betri ya alkalaini peke yake ni kama gramu 23, itoe weka AA ya lithiamu yenye kama 15, tayari uko kwenye 91 na mausi yenyewe hujaigusa. Wengine wanatumbukiza AAA, ile nyembamba zaidi, kwenye kile kikopo cha plastiki kinachoifanya ienee kama AA, hapo unaongelea 88 au 89, na unachopunguza ni uzito wa nyuma, maana betri ya G305 inakaa chini ya kiganja na ule mvuto wa nyuma ukiinua mausi ndo unaokera watu kuliko hata gramu zenyewe. Halafu kuna Razer Orochi V2 ya 2021, bila betri haifiki gramu 60, ina nafasi ya AA na nafasi ya AAA, unatumia moja tu. Pachika AAA ya alkalaini uko sabini na kidogo. Sabini na kidogo! Viper Ultimate ya hao hao Razer, ya 2019, betri ya ndani, ilikuwa 74 na ilikuwa inasifiwa kwa wepesi. Sasa AA ina kosa gani hapo?

Kasi siipotezei muda, zote zinatuma taarifa mara 1000 kwa sekunde kupitia risiva ya 2.4 GHz, kile kidude cha kuchomeka kwenye kompyuta, na kama ping yako, yaani muda wa taarifa kwenda kwenye seva ya gemu na kurudi, inazidi milisekunde 100 tafuta mchawi kwingine.

Hoja nzito ni hii: chaji ikiisha katikati ya mechi. Superlight unachomeka kebo unaendelea kucheza, G305 haina hata tundu la kebo, kwa hiyo betri ikifa saa sita usiku na Mangi kashafunga duka, umeenda na maji. Hapo sina ujanja wa kuwajibu, zaidi ya kusema kwamba Logitech wenyewe wanatoa saa 250 kwa betri moja, ukicheza saa nne kila siku ni kama miezi miwili, na mtu anayeshindwa kuweka betri moja ya akiba kwenye droo sidhani kama hiyo kebo angekumbuka alikoiweka.

Upande wa pili sasa. Watetezi wa AA wanapenda kusema betri ya ndani inakufa kwa kuchajiwa mara nyingi, na hapo wanajiharibia wenyewe. Superlight inatajwa kukaa saa 70 kwa chaji, zidisha hata kwa kuchaji mara 300 tu, unapata saa 21,000, nani anafika huko? Betri hiyo ya ndani inamalizwa na umri, na joto, na kuachwa imeisha chaji kabatini miezi na miezi. Na hayo ndo maisha ya mausi yuzidi nyingi zinazotufikia, imetumika huko ilikotoka, ikatupwa kwenye boksi, ikapigwa joto safarini, ndo unaikuta Kariakoo inang'aa kwa nje. Ukitaka kubadilisha betri, kwenye nyingi skrubu zimefichwa chini ya vile vibandiko laini vya kuteleza, ukivibandua vinajikunja na gundi inachafuka, kwa hiyo unanunua betri na vibandiko, kama hata hiyo betri ya saizi yake utaipata. Ya AA unafungua kifuniko kwa kidole.

Ila usiweke betri yoyote ile. Soma ubavuni: LR6 ni alkalaini, R6 bila L ni zile za kaboni za bei chee, ni nyepesi ndio, lakini zinaisha haraka na zinavuja, na maji yake yakishakula zile springi za kushikia betri, mausi inaanza kuzima yenyewe. Hata alkalaini ukiisahau humo muda mrefu inavuja.

Anayecheza gemu za kupiga risasi kama Valorant au CS2 kwa DPI 400, yaani mshale unasogea polepole, anafagia mkono mzima kwenye pedi usiku kucha, achukue ya gramu 60, mkono wake utamshukuru na hela yake haijapotea. Wengine wote, hasa mnaonunua yuzidi, nendeni dukani na betri yenu mfukoni, mpachike pale pale. Na kwenye G305, mkifungua kile kifuniko angalieni kama risiva bado ipo ndani, kuna kijitundu chake pembeni ya betri, wauzaji wengi hawajui hata kama kipo.