Lita tatu kwa siku au usubiri kiu?

Haya mabishano hayaishi. Wako wanaokwambia kunywa lita tatu za maji kila siku upende usipende, wako wanaosema kunywa ukisikia kiu basi, na kila upande unaona mwenzake kapotea. Mimi naegemea kwenye kiu, ila wale wa lita tatu nao wana hoja ambazo huwezi kuzitupa hivi hivi.

Mwili kwanza. Mwanaume wa kilo 70 ana maji kama lita 42, lita 28 hivi zimo ndani ya seli, zilizobaki ziko nje, na majimaji ya damu yenyewe ni kama lita 3 tu. Kati ya ndani na nje kuna utando mwembamba mno wa mafuta, maji yana vijia vyake vya kupita humo (mwanasayansi Peter Agre alipewa tuzo ya Nobel 2003 kwa kuvigundua) lakini chumvi haipiti ovyo, kuna pampu inatoa chembe 3 za sodiamu (ile iliyomo kwenye chumvi) nje na kuingiza 2 za potasiamu ndani usiku na mchana, kwa hiyo chumvi ikizidi upande mmoja maji yanaifuata. Ndo maana mwili hauhesabu glasi. Unapima ukali wa damu, yaani chumvi ilivyokolea humo, ukipanda asilimia 1 au 2 tu ubongo unakuletea kiu na kumwaga homoni inayoziambia figo zibane mkojo.

We angalia daku mwezi wa Ramadhani. Mtu anagida chupa nzima ya lita na nusu ili imfikishe magharibi, damu inakuwa nyepesi, homoni inashuka, figo zinafungulia, na kabla jua halijakaa sawa maji mengi yashaishia chooni. Mchana anakojoa kidogo na njano iliyokolea, hapo figo zinabana kama zinavyotakiwa.

Halafu kuzidisha nako kuna hatari yake. Boston marathon ya 2002 walipima damu za wakimbiaji 488, asilimia 13 sodiamu ilikuwa imeshuka kupita kiasi, na waliokuwa kwenye hatari zaidi ni wale waliomaliza mbio wakiwa wameongezeka uzito, yaani walikunywa kuliko walivyotoka jasho. Sodiamu ikishuka ghafla maji yanaingia ndani ya seli zinavimba, na ubongo umefungiwa kwenye fuvu, utavimbia wapi? Ila watu wa kiu msitishe watu na hili, figo nzima zinaweza kutoa karibu lita moja kwa saa, kwa hiyo mtu wa kawaida kufika huko ni nadra sana.

Sasa lita tatu zinapata nguvu wapi: kwa wazee. Kiu ya mzee inafifia, anaweza kukaukiwa asihisi kitu, huyo kumwambia asubiri kiu ni kumdanganya. Aliyewahi kutoa mawe ya figo pia, anatakiwa anywe mpaka mkojo wenyewe ufike lita mbili na zaidi kwa siku. Na wanawake wenye UTI ya kujirudia, kuongeza maji kunawasaidia kweli. Fundi anayeshinda juani naye asingoje, japo jasho linatoka na chumvi, maji matupu siku nzima hayamtoshi, ale na chakula.

Kinachonikera ni ile namba moja kwa wote, tena hawahesabu uji, chai, supu wala matikiti, kama vile hayo hayana maji. Mtoto chini ya miezi sita anatosheka na maziwa ya mama, hata Dar kukiwa na joto la Januari. Mgonjwa wa dialisisi (anayesafishwa damu kwa mashine) au mwenye moyo mkubwa kapimiwa maji na dokta wake, pengine lita moja na kidogo, halafu mtu anamforwadia meseji ya lita tatu na emoji za matone.