Kipaza sauti kilikuwa nje, waliomjua walikuwa ndani

Ami yangu amekufa, na tangu siku hiyo kazi yangu imekuwa kusoma upuuzi.

Jina silitaji. Waamu mwamjua, na msiomjua mmeshamwona kwenye ile picha: mzee kifua wazi, kikoi kilichopauka, tezo, lile shoka dogo la kuchongea mbao, mkononi, ameinama kwenye ubavu wa mashua kule Matondoni, kijiji cha mafundi wa mashua. Mtalii aliipiga zamani akaenda zake. Siku ya msiba ikafufuka, ikazunguka makundi ya WhatsApp kuanzia Langoni mpaka Mombasa, kila anayeituma akitia chumvi yake. "Lamu imepoteza nguzo ya turathi." "Maktaba imeungua." Maktaba! Ami alihitimu Kurani chuoni, na baada ya hapo karatasi aliyoshughulika nayo ni ile ya kufungia misumari.

Alifariki alfajiri, akasaliwa adhuhuri, akazikwa. Hayo yalikwenda vizuri, Mungu awalipe waliochimba na waliobeba. Kilichonikera ni hitima. Turubai likafungwa, spika mbili, viti vya plastiki vya kukodi, na mheshimiwa akaja na boti kutoka Mokowe, kule bara, pamoja na vijana wake wa kamera. Akashika kipaza sauti. Alianza na Ami, akamwacha mapema, akaingia kwenye bandari mpya ya Lamu, akatokea kwenye fidia ya wavuvi walioathiriwa na ujenzi wake, ile shilingi bilioni 1.76 iliyoamuliwa na mahakama mwaka 2018, kisha akatukumbusha kwamba mji wetu umo kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001 na kwamba watu kama marehemu ndio waliotufikisha huko. Ami hakuwa mvuvi. Na mji ulioorodheshwa ni ule wa mawe. Yeye nyumba yake ni ya udongo na makuti, na hakuna mzungu aliyewahi kuja kuiorodhesha. Lakini nani wa kumsahihisha mheshimiwa mbele ya watu?

Baada yake akaja wa pili, akaja wa tatu. Wote wanaume, wote walimjua Ami wa pwani, wa kwenye mashua. Marehemu alikuwa fundi hodari. Marehemu alikuwa mpole. Marehemu alikuwa mtu wa watu. Maneno hayo mwaweza kuyakunja mkayaweka, mkayatoa tena akifa mwengine, hayatabana wala hayatapwaya.

Na sisi tuko wapi? Ndani, nyuma ya pazia, tumebanana kwenye mikeka na watoto mapajani. Hapo ndipo mtu huyu alipokuwa akisimuliwa, kwa sauti za chini, baina ya yasini moja na nyengine, na hakuna aliyefikiri kuupitisha waya ule upande wetu.

Bintiye mkubwa alisimulia habari ya mikono. Anayejua kazi ya mashua ajua harufu ya sifa: mafuta ya ini la papa, yapakwa kwenye mbao na kwenye pamba ya kukalafati, yaani ya kuziba nyufa za mashua, na yakishaingia kwenye ngozi hayatoki kwa sabuni ya kawaida. Ami kila alipopata mtoto mchanga nyumbani, wake au mjukuu, hakumshika mpaka aende nyuma ya nyumba akajisugue kwa mchanga na ndimu, mchanga tena, ndimu tena, akinusa vidole katikati. Akirudi anamnyoshea mkewe viganja anuse. Mkewe akitikisa kichwa, anarudi nyuma kuanza upya. Bintiye akasema, "Ndimu zetu zote ziliisha kwa mikono ya baba." Tukacheka msibani, Mungu atusamehe.

Mwengine akataja mbuzi. Si wa miguu minne, nasema mbuzi ya kukunia nazi. Mkewe alipoumwa mgongo, Ami ndiye aliyekaa juu ya mbuzi. Mwanamume, fundi, na ndevu zake, amepanua magoti sahani chini, anakuna. Na alikuna vizuri kuliko sisi: mkono mwepesi, aliisimamisha nazi kabla meno hayajagusa ule ukoko wa kahawia, tui likatoka jeupe. Mgongo wa mkewe ulipopona, hakuinuka kwenye ile mbuzi. Akaendelea kukuna mpaka uzeeni.

Haya sasa, wale mliokuwa mkizungumza kwenye kipaza sauti, mlikuwa mkimwitaje enzi hizo? Msijifanye hamkumbuki. Mlimcheka barazani. Baada ya isha nyinyi mmejipanga na kahawa na dhumna, yeye anainuka, na kabla hajafika kona mmoja wenu anasema, "Mwacheni, amepigiwa kengele na mkewe." Ami alijua. Aliwahi kumwambia baba yangu kwamba yeye mchana kutwa yuko na wanaume, usiku naye ataka kuwaona watu wake. Basi. Hakuwajibu, hakuwanunia, na asubuhi mashua zenu akazikalafati vilevile.

Mtu huyo ndiye niliyetaka asemwe. Asemwe na kijana aliyeoa mwaka jana na ambaye hulala barazani kuliko kwake, akae pale kwenye kiti cha plastiki asikie kwamba fundi hodari alikuna nazi. Asikie kwamba miaka ile ya baada ya mashambulizi ya 2014, mabasi ya Mokowe yakienda kwa msafara wa polisi na watu wakisafiri roho mkononi, Ami kila shule zikifunguliwa alipanda basi pamoja na binti yake aliyekuwa bweni. Alimfikisha langoni, akamkabidhi sanduku, akageuka kurudi. Wakimwambia, "Sasa wewe utamkinga na nini, na tezo?", alijibu kwamba hamkingi na chochote, ila hataki aogope peke yake. Binti huyo leo ni mwalimu. Alikuwa ndani pale pale, hatua chache kutoka kwenye spika, na ndiye mwenye maneno kuliko wote waliosema nje.

Mtaniambia dini. Najua, wanawake hawatoi hotuba mbele ya turubai la wanaume, na sikuja kupindua mji. Lakini kuandika je? Mjukuu wa kiume asingeweza kupewa karatasi aisome? Masheikh nao wamekwisha kusema tusimsifu maiti kupita kiasi. Sawa, na ndiyo maana nataka mambo aliyoyafanya, maana sifa tupu ndizo mlizotumwagia nyinyi.

Ustadi wake nakubali. Mashua zake zipo majini mpaka leo, na kwenye mashindano ya tanga aliwahi kuzishuhudia alizozijenga kwa mkono zikitangulia. Ile picha pia ni nzuri, nimeihifadhi. Mchele wa mheshimiwa tuliupika, sitasema hatukuupika.

Wala sitaki mtu amgeuze walii. Alikuwa mkaidi. Tezo yake hakumwazima mtu, hata ndugu yake wa tumbo moja. Na ubaya wake mkubwa, ambao mkewe ameulalamikia maisha yote: hakujua kudai.

Na hapa ndipo hasira yangu ilipo hasa. Nyinyi mwaimba turathi kana kwamba turathi hula upepo. Tangu kukata miti kupigwe marufuku mwaka 2018, mbao zilipanda zisishuke tena, boti za faiba zikawa ndizo za kisasa, na mtu wa kuagiza mashua mpya akawa wa kutafutwa kwa kurunzi. Ami akaishi kwa ukarabati. Kubadilisha ubao huu, kuziba pale, kupaka sifa. Na ukarabati wa Lamu mwaujua hulipwaje: "Fundi, nikirudi na samaki." Wengine wamerudi na samaki misimu na misimu, wamepita mbele yake na vikapu vimejaa, wamemwamkia shikamoo ya heshima kubwa.

Kabla ya kumsalia, imamu aliuliza kama ilivyo ada: yeyote anayemdai marehemu awaone warithi. Kimya. Hakuna aliyemdai hata shilingi. Hakuuliza marehemu anamdai nani, na kwenye safu ya mbele ile ile wadaiwa wake walikuwamo, mkewe ameshanihesabia majina.

Kuna daftari. Halikuwa lake, yeye hakuandika. Ni la mkewe, la mistari, la watoto wa shule, na ndani yake mna jina la mashua, kazi iliyofanywa na kilichobaki. Mmoja wenu alituma ile picha, na maneno yake ya maktaba kuungua, saa tatu asubuhi, na ukurasa wake umejaa mpaka pembeni.

Mkewe yuko eda, hatoki na hapokei wanaume. Muoneni mwanawe mkubwa, baada ya magharibi yuko nyumbani, hakai baraza. Kamera mziache Mokowe.