Mama Aliingia Kwenye Filamu

Tulikuwa makapera watupu sebuleni, na aliyependekeza tuangalie filamu ya mapenzi sijui alitumwa na nani. Ikachaguliwa When Harry Met Sally ya mwaka 1989. Mapema kabisa Harry anamweleza Sally kwamba mwanamume na mwanamke hawawezi kuwa marafiki tu. Nikakohoa. Aliyeketi kando yangu ni rafiki yangu wa siku nyingi, nami nilikuwa nimeshavuka mpaka wa urafiki kimoyomoyo. Waliojua siri hiyo ni wawili: mama yangu na jamaa tunayemwita Profesa.

Filamu ilikuwa kwenye simu yangu, kwa hiyo tuliirusha kwenye runinga, sauti ikatokea kwenye spika kubwa ya kusimama.

Kuangalia filamu na Profesa ni adhabu. Kila baada ya muda anaisimamisha ahutubie. "Mnajua mwanzoni hawa walikuwa wasioane? Mwongozaji, Rob Reiner, alikuwa ametalikiwa, hana imani na mapenzi. Akapenda tena wakati wanaitengeneza, ndipo mwisho ukabadilishwa!" Tukamwomba abonyeze icheze. Akabonyeza, akachukua simu yake, akaanza kuchapa. Nikadhani ametosheka.

Ghafla juu ya kichwa cha Sally likatokea jina la Profesa na ujumbe: "Wenzako wamechukua miaka 12. Wewe unasubiri pensheni ndiyo umwambie?"

Herufi zilikuwa kubwa kama viatu. Wote wakasoma, wengine kwa sauti.

"Umwambie nani?" akauliza jirani yangu.

"Bosi wake," Profesa akadakia. "Mambo ya mshahara."

Uongo ulikuwa dhaifu, lakini ulipita. Filamu ikaendelea mpaka usiku wa mwaka mpya, Harry anatimua mbio barabarani kwenda kumkuta Sally. Ujuzi wote wa filamu hizi uko kwenye zile mbio. Unajua atafika, na bado unakaa ukingoni mwa kochi kama unayemsukuma. Kafika, anahema, anafungua mdomo aseme...

MAMA. Runinga nzima.

Profesa, aliyekuwa karibu na simu yangu, akairukia aikate. Kidole kikaangukia kwenye kijani.

"Wewe mtoto!" spika ikanguruma, besi mpaka madirisha yakatikisika. "Umeshamwambia yule binti, au bado unamkodolea macho?"

"Mama, nitakupigia baada—"

"Usinikatie! Kila siku unanichosha masikio. Ana mwanya, ana mwanya! Mwanya wenyewe utautazama mpaka lini?"

Watu wakaanza kukaguana meno. Mmoja akafungua mdomo wake mwenyewe kuhakikisha hatajwi yeye. Mwanya sebuleni mle ulikuwa mmoja tu, na mwenyewe alikuwa ameshauziba kwa kiganja. Profesa alikuwa bado anabonyeza simu kila mahali isipokuwa panapotakiwa. Alichofanikiwa ni kuongeza sauti.

Ndipo jirani yangu akanyoosha mkono, akampokonya simu.

"Shikamoo mama," akasema.

Spika ikanyamaza kidogo.

"Marahaba mwanangu," ikajibu, sasa kwa sauti ya ukweni kabisa. "Ni wewe mwenye mwanya, au amehamia kwa mwingine?"