Luteni Mgeni, Sajini Mkongwe

Watu wa Lamu humwita kila mwenye gwanda afande, awe koplo au kanali. Tumewazoea tangu jeshi la Kenya livuke mpaka kuingia Somalia Oktoba 2011, na zaidi baada ya mauaji ya Mpeketoni ya Juni 2014 na operesheni ya msitu wa Boni iliyofuata 2015. Lakini neno la mwisho doria ikiwa msituni ni la nani?

Kwa utaratibu tuliorithi kutoka King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, ni la luteni, kijana aliyetoka chuo cha kijeshi cha Lanet juzi. Sajini, sajini mwandamizi, hata afisa mteule daraja la kwanza mwenye mvi, wote humpigia saluti.

Wanaotaka masajini wapewe mamlaka zaidi wana hoja. Njia za Boni hutegwa vilipuzi, na jicho lililokwisha kuona mengi hugundua udongo uliofukuliwa kabla gari halijafika. Askari wadogo nao humweleza sajini yale wasiyothubutu kumwambia luteni.

Ila hapa nina shaka. Ukongwe wa kazi si ukongwe wa Lamu. Sajini aliyemaliza miaka kumi na minane Isiolo hajui kwamba maji yakipwa, mvuvi wa Pate hukwama kwenye mlango-bahari wa Mkanda na kurudi usiku pasipo ubaya wowote. Enzi za marufuku ya kuvua usiku, kutojua jambo dogo kama hilo kungeweza kumponza mtu.

Wanaopinga masajini kuongezewa mamlaka hupenda kututisha kwa historia: masajini walikuwa mbele katika maasi ya kambi ya Colito, Dar es Salaam, Januari 1964, na Samuel Doe aliyepindua serikali ya Liberia 1980 alikuwa sajini. Hoja hii hainitikisi. Wale wa Colito walilalamikia mishahara na vyeo vilivyokaliwa na Waingereza. Waliasi kwa kuwa njia ya kupanda ilizibwa. Na wakuu wa mapinduzi barani wametoka zaidi kwa makanali na majenerali, wala hakuna anayependekeza kanali anyang'anywe mamlaka.

Kinachonitikisa ni uwajibikaji. Pwani kuna familia ambazo hadi leo zinauliza waliko ndugu zao waliochukuliwa na watu wa usalama. Amri ikigawanywa kati ya wawili, kila mmoja atamsukumia mwenzake, na mama wa Hindi au Kiunga, huku kwetu Lamu, hatajua amshtaki nani.

Kwa hiyo amri ibaki kwa luteni, lakini ushauri wa sajini uandikwe kabla doria haijatoka, ili luteni akiupuuza, apuuze kwa jina lake. Tena sajini mwandamizi aliyeanza kuzijua njia na wazee wa vijiji vya Waboni asihamishwe kwa pupa. Maluteni watakuja na kuondoka. Angalau mmoja katika platuni awe anajua maji yanakupwa saa ngapi.