Kelele za mtaa si za magari peke yake

Nilipokuwa natafuta nyumba ya kupanga, dalali aliniambia nichukue ghorofa ya sita bila wasiwasi, kelele zinabaki chini. Nikamwamini. Usiku wa kwanza, saa nane, pikipiki ikaingia mtaani, na nikaisikia tangu mwanzo wa mtaa hadi ilipotokomea upande wa pili, utadhani imepita juu ya kitanda.

Dalali hakuwa mwongo kabisa. Uwanjani angekuwa sahihi: sauti inayotoka mahali pamoja hupungua desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kila umbali unapoongezeka mara mbili. Lakini mtaa wenye majengo yaliyobanana pande zote mbili si uwanja, ni mfereji. Zege, vigae na vioo hunyonya sehemu ndogo mno ya sauti, inayobaki hurudishwa. Mlio wa pikipiki unagonga ukuta huu, unarushwa kwenye ule, na kila ukirushwa unazidi kupanda. Dirishani kwangu unafika wenyewe, kisha ndugu zake wanafuata nyuma. Ukitaka kuwasikia hao ndugu, ingia uchochoro wenye kuta tupu na upana wa mita tatu na nusu, upige kofi moja. Sauti hukimbia kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo huenda na kurudi karibu mara 50 katika sekunde moja. Utasikia kofi lako likitetemeka kama waya uliovutwa ukaachiwa.

Kwenye kona mambo hubadilika. Sauti nzito ya hezi 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde, ina wimbi lenye urefu wa mita 3.4, nayo huizunguka kona ya jengo bila taabu. Sauti kali ya hezi 3,000, yenye wimbi la sentimita 11 hivi, hukatwa na kona. Ndiyo maana muziki wa mtaa wa pili siku zote ni besi tu. Mwimbaji hajawahi kufika.

Kuna la hatari pia. Masikio yetu hutambua sauti inatoka wapi kwa kulinganisha sikio lipi limeipata kwanza, na tofauti yenyewe haifiki hata elfu moja ya sekunde. Siku moja nilisimama njiapanda, king'ora kinalia, sote tumegeukia kushoto. Gari la wagonjwa likatokea kulia. Jengo la kona lilikuwa limeliziba, na kilichotufikia kwa nguvu ni mwangwi wa ukuta wa mbele yake.

Sasa nije kwenye kinachoniudhi. Kelele zikizidi tunalaumu madereva na honi zao, na wanastahili. Ila ukipunguza nusu ya magari, yaliyobaki yakaendelea kwa mwendo uleule, unapata nafuu ya desibeli 3 tu. Na mwangwi mmoja wenye nguvu sawa na sauti yenyewe unazirudisha desibeli hizo 3 zote. Hata hivyo mchoro wa jengo hujadiliwa kwa macho: urefu, rangi, maegesho. Sijawahi kusikia mtu akiuliza ukuta huo wa vioo, bapa kutoka chini hadi juu, utawarushia nini majirani wa ng'ambo. Na dawa zake si za ajabu: kuta zenye kuingia na kutoka, upande wa chini wa vibaraza uliowekwa kitu cha kunyonya sauti, nafasi kati ya jengo na jengo. (Mimea ya ukutani nayo inasaidia, ingawa udongo wake hunyonya zaidi kuliko majani tunayoyapiga picha.)

Mimi nimehamishia kitanda chumba cha nyuma, kinachotazama uani. Pikipiki ya saa nane bado inapita. Siku hizi napata ngurumo yake tu, ile sehemu iliyoweza kuvuka paa.