Herufi A Huisha Kwanza

Karibu na soko la Majengo, hapa Dodoma, kuna mgahawa ninakokula mchana. Ubao wake wa vyakula ni ule wa herufi za kupachika: uso mweusi wenye mifereji, na herufi nyeupe za plastiki zenye vijino vya kuchomeka. Wiki iliyopita NYAMA CHOMA ilikuwa na A moja tu ya kweli. Mbili nyingine zilikuwa V zilizogeuzwa kichwa chini, na sufuri za 3,500 zilikuwa herufi O. Wateja wanaelewa, wanaagiza, wanakula. Ila mwenye mgahawa amechoka kuchekwa, na kwa kuwa anajua niliwahi kufanya kazi karakana ya mabango, ameniuliza: anunue seti nyingine ya dukani, au ampe fundi kazi?

Watu wengi wakifika hapo huanza na ubao: mbao, bati au akriliki, ile plastiki ngumu inayong'aa kama kioo. Mimi huanza na herufi, maana ubao haupotei.

Tuhesabu. WALI NA MAHARAGE, UGALI NA MLENDA, CHAPATI, NYAMA CHOMA. Mistari minne, A 13, E 2. Q na X hamna, na C haionekani ila imeongozana na H. Seti nyingi za dukani zimepangwa kwa ajili ya Kiingereza, ambacho E ndiyo herufi inayotumika kuliko zote. Kwa hiyo unanunua E za kumwaga, halafu A zinakuishia kabla hujafika kwenye nyama. Bei zetu nazo zinaishia na sufuri mbili, na sufuri zinakwisha vilevile.

Anayetetea seti ya dukani ana hoja. Herufi zinalingana, ni nyepesi, unazipata leo na jioni zipo ukutani. Akinunua seti mbili tatizo la A linapungua, japo atabaki na kopo la Q. Ndani ya mgahawa hakuna jua la kuzifanya zigeuke njano. Udhaifu wake ni vijino. Ubao unaobadilishwa kila asubuhi huvivunja kimoja kimoja, na herufi isiyo na kijino haina matumizi tena. Gundi haisaidii, nimejaribu.

Sumaku inaondoa habari ya vijino, lakini inaleta yake. Kwanza uso wenyewe. Alukobondi inapendeza na mafundi wanaipenda, lakini ni alumini juu, alumini chini na plastiki katikati, na sumaku haishiki alumini. Nimeona mtu akilipia ubao mzima wa alukobondi pamoja na herufi za sumaku, akagundua kosa siku ya kufunga. Bati la chuma linashika, ila geji 30 ni jembamba kuliko geji 28, na bati likiwa jembamba mno sumaku inashika kwa unyonge. Ukienda dukani beba kipande cha sumaku mfukoni, ubandike na kubandua mwenyewe.

Halafu vumbi. Kati ya Juni na Septemba Dodoma ni upepo na vumbi, na sumaku iliyoachwa nje huota ndevu: punje nyeusi za mchanga wenye chuma zinasimama pembeni yake kama nywele. Ukipitisha kitambaa hazitoki, zinahama tu. Zikiingia kati ya herufi na bati, herufi inateleza taratibu, jioni unakuta MAHARAGE imeporomoka hadi kwenye mstari wa CHAPATI. Kwa ubao wa nje, sumaku mimi siipendekezi.

Akriliki ndiyo inayovutia macho kuliko zote, na wengi huikosea kwenye kufunga. Joto linaitanua kuliko chuma, karibu mara sita. Ubao mweusi wa nje ukipanda nyuzi 30 toka alfajiri hadi saa nane mchana, reli ya akriliki ya kushikia herufi, yenye urefu wa mita moja, inaongezeka milimita 2 na ushee, wakati bati lililo nyuma yake haliongezeki hata nusu milimita. Kama fundi ameibana kwa skrubu kila upande, reli inabinuka na herufi zinachomoka. Dawa ni kutoboa matundu mapana kidogo kuliko skrubu na kutokaza hadi mwisho. Jambo dogo, lakini fundi asiyelijua atakwambia akriliki ni mbovu.

Mbao je? Mninga hausinyai sana ukikauka, ndiyo maana maseremala wanauamini kwa milango. Mbao laini iliyoletwa na unyevu wake ikakaushiwa kwenye hewa ya Dodoma ni hadithi nyingine: mfereji uliochongwa Machi unalegea Agosti. Mninga una bei, na ni mzito. Herufi za plaiwudi zilizokatwa kwa mkono hazifanani sana, na kwa mgahawa wa kisasa hilo linaonekana. Lakini A ikipotea, fundi anakata nyingine siku hiyohiyo, kwa sharti moja: mwambie akukabidhi patani, kile kiolezo anachokifuata kukata herufi. Asipokupa, A ya mwezi ujao itakuwa nene kuliko wenzake, na akihama mtaa umerudi ulikotoka.

Kanisani mambo ni mepesi zaidi. Kibao cha namba za nyimbo kipo ndani, kinabadilishwa siku za ibada, na kinahitaji tarakimu peke yake. Hapo mbao yenye mifereji haina mpinzani, na kama mfereji unashika juu na chini, 6 ikigeuzwa inakuwa 9.

Penye kushindwa kazi ya fundi ni sheli. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na vituo vinatakiwa kuonyesha bei kwenye bango linaloonekana vizuri. Bango liko juu, upepo unalipiga, dereva analisoma akiwa bado barabarani. Tarakimu za plaiwudi zinazoning'inia kwenye kulabu zitacheza hadi zianguke. Kwa hapo ningechukua zile ambazo kila tarakimu ina vipande saba vya kufunua na kufunika, kama za kikokotoo, vilivyofungwa palepale: hakuna kinachopotea, na kwa kuwa bei hubadilika mara moja kwa mwezi, bawaba hazichoki haraka. Patani ya fundi haina nafasi pale.

Mwenye mgahawa nimemshauri kitu cha katikati: bati la geji 28 ndani ya fremu ya mninga, herufi za foreksi, ile plastiki nyepesi yenye povu, zikiwa na sumaku nyuma. Foreksi hulainika juani, ila ubao wake uko ukuta wa ndani na unafutwa kila siku. A ziwe 20, sufuri 24, Q asikate hata moja. Amenisikiliza, akasema watoto wa wateja watazibandua waende nazo nyumbani. Hilo sikuwa nimelifikiria. Sasa anataka ubao upande, juu ya usawa wa mkono wa mtu mzima, na anatafuta kiti cha kusimamia kila asubuhi.