Yatokanayo na Kikao Kilichopita

Mwaka 2019 nilikuwa Afisa Mtendaji wa Kata katika halmashauri ambayo sitaitaja, kwa sababu baadhi ya waliokuwamo kikaoni siku ile, kila wakikutana nami, hufumba jicho moja kwanza ndipo wanisalimu.

Chanzo cha yote ni semina ya siku moja iliyofanyika makao makuu ya halmashauri, ambako watendaji wa kata tuliitwa kufundishwa lugha ya staha katika nyaraka za serikali. Mwezeshaji, Afisa Ustawi wa Jamii mwenye sauti ya upole na hoja zenye meno, alitukumbusha kwamba sheria Na. 9 ya mwaka 2010 inaitwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu, mtu akitangulia na ulemavu ukifuata nyuma, na kwamba ni aibu kwetu, miaka tisa baadaye, kuendelea kuandika "vilema" na "zeruzeru" katika taarifa zinazogongwa mhuri. Hilo halikuwa na ubishi. Ubishi ulianza aliposema kwamba maneno kama kipofu, kiziwi na kiwete yanamshusha mtu kwa kuwa yanakaa ngeli moja na kiti, kisu na kijiko. Mtendaji mwenzangu mmoja, aliyewahi kufundisha Kiswahili, alinyoosha mkono akauliza kama kwa hoja hiyo kiongozi naye, pamoja na kijana na kinyozi, watatafutiwa majina mengine. Kisha akaongeza kwamba viziwi wenyewe wamelibeba neno hilo katika jina la chama chao, Chama cha Viziwi Tanzania. Mwezeshaji alijibu kwamba muda wa chai umefika.

Tuliondoka na karatasi yenye safu mbili, kushoto maneno yasiyofaa na kulia maneno mbadala. Nakiri kwamba niliipenda karatasi ile, kwa maana mtumishi wa umma hupewa lawama nyingi na ni mara chache kupewa majibu.

Shida ni kwamba taarifa yangu ya robo mwaka ilikuwa imekwisha kuandikwa, kurasa 19, na Kamati ya Maendeleo ya Kata ilikuwa inakaa kesho yake saa nne asubuhi. Katika kamati hiyo Diwani ndiye mwenyekiti na mtendaji ndiye katibu, kwa hiyo kila kosa la maandishi lina mwenyewe. Jioni nilichukua flashi yangu nikaenda steshenari iliyo karibu na stendi, nikamweleza kijana wa pale kwamba nina maneno kama ishirini ya kusafisha. "Mzee, hiyo kazi ya dakika mbili," alisema, akanionyesha sehemu ya kutafuta na kubadilisha: unaandika neno la zamani juu, neno jipya chini, unabofya panapoamuru kubadilisha yote, na kompyuta inakupa idadi. Nilipoandika "walemavu" iliniambia kwamba imebadilisha mara 14, nami nikapata raha ambayo sijawahi kuipata serikalini. Nikaendelea kushuka na safu yangu: kilema, kichaa, tasa, chongo. Nilishangaa kidogo kuona "tasa" imebadilishwa mara tisa, maana sikukumbuka kuandika habari za uzazi mahali popote, lakini kijana alikuwa ameshaanza kushusha mlango wa duka. Nikalipia nakala 25, nikazibeba kwapani, nikaenda kulala bila kusoma hata moja.

Kikaoni, kama ilivyo desturi, katibu husoma taarifa kwa sauti na wajumbe humfuata katika nakala zao. Ukurasa wa kwanza ulikuwa staha tupu. Nilieleza kwamba kikundi cha watu wenye ulemavu kimeomba mkopo kutoka katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo wanawake hupata 4, vijana 4 na wao 2, na Diwani akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza kwaya.

Ukurasa wa pili nikajisikia nikisoma kwamba kaya za walengwa wa MWENYE CHANGAMOTO YA UZAZIF zimepokea ruzuku. Neno TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa, na kompyuta, kwa heshima zake, ilikuwa imeuhifadhi ukubwa huo. Nilipita hapo kwa mwendo wa mtu anayevuka barabara kuu bila kutazama kulia wala kushoto. Aya iliyofuata ilisema kwamba wakulima sita wa kata yetu walikwenda Mtu mwenye ulemavu, Wilaya ya Moshi, kujifunza utunzaji wa kahawa. Mwenyekiti mmoja wa kijiji, ambaye siku zote huulizia fedha, alitaka kujua kama huyo mtu mmoja aliweza kulaza wageni sita, na kama alilipwa. Nikaeleza kwamba ni Kilema, jina la mahali, huko Kilimanjaro. Jasho lilikuwa limeanza kunitoka.

Kisha ikaja mifugo. "Mbwa wote waliofikishwa kituoni," nilisoma, tayari nimeshaona kinachokuja na sina pa kukimbilia, "walipewa chanjo ya changamoto ya afya ya akili cha mbwa." Kilichoniuma zaidi ni ile "cha", iliyobaki peke yake kama mjane wa kile kichaa. Diwani alivua miwani akauliza mbwa hao walihojiwa na nani. Afisa Mifugo, ambaye aya hiyo ilikuwa yake, alikuwa anahesabu mbao za dari.

Ningeomba udhuru pale pale, lakini niliamini kwamba mabaya yote yamekwisha. Nilikuwa nimesahau ua wa michongoma. Shule ya msingi ilikuwa imeupanda ili kuzuia mifugo, na katikati ya neno hilo, kama mwiba ndani ya jani, limejificha neno "chongo". Nikasoma kwa kukwama kwamba uongozi wa shule umepanda mi, mtu mwenye jicho moja, ma, kuzunguka eneo lote, na kwamba anamwagiliwa maji kila jioni.

Miongoni mwa waalikwa alikuwapo mzee mmoja asiyeona, kiongozi wa kile kikundi cha mkopo, ambaye muda wote alikuwa kimya, fimbo yake nyeupe imelala magotini. Alisimama.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba ufafanuzi. Kikundi chetu kimepungukiwa mwanachama mmoja ili maombi yapite. Huyo mtu mwenye jicho moja aliyepandwa pale shuleni, ni mkazi wa kata hii?"

Kikao kilivunjika kwa dakika kadhaa. Mwalimu Mkuu alitoka nje kabisa. Kelele zilipotulia, mzee yule aliongeza, bila kucheka hata kidogo, kwamba ikiwa mtu huyo ameizunguka shule nzima basi ahesabiwe wawili.

Diwani aliniagiza nirekebishe taarifa kwa mkono, ukurasa kwa ukurasa. Wakati wa chai na maandazi mzee alinishika mkono akauliza yeye mwenyewe nimemwandikaje. Nikamwambia: mtu asiyeona. Akatafakari. "Si mbaya," alisema, "ila mke wangu asisikie, maana kila akificha hela huwa naiona."

Nilidhani yameishia hapo, lakini muhtasari ni muhtasari, na hoja iliyoombewa ufafanuzi lazima iingie. Robo iliyofuata, tulipofika kwenye yatokanayo, mzee alisimama tena kuulizia hali ya mtu wake. Mwalimu Mkuu alijibu kwa uso mkavu, na Diwani akaniambia, "Katibu, andika." Nikaandika, na imo kwenye jalada hadi leo: "Kamati iliarifiwa kwamba mtu mwenye jicho moja wa upande wa kaskazini aliliwa na mbuzi. Iliazimiwa apandwe mwingine mvua za masika zitakapoanza. Mtekelezaji: Mtendaji wa Kata."